Kupima Simu za Bei Nafuu Kabla ya Kutoa Fedha

Ndugu Wanachama,

Kamati yetu imeona yafaa mwezi huu tuache kidogo habari za miche na majamvi, tuseme juu ya simu za mkononi. Huenda mtu akauliza, simu na karafuu wapi na wapi? Jawabu lake ni fupi. Siku hizi simu ndiyo sanduku la fedha la mkulima. Fedha za mauzo huingia humo, wachumaji hulipwa kutoka humo, bei ya bara huulizwa humo, na chombo kikikawia baharini nahodha hutafutwa kwa hiyo hiyo. Mwenye simu ya uongo ni sawa na mwenye mizani ya uongo, ila huyu hujidhulumu mwenyewe.

Wengi wetu baada ya msimu huvuka kwenda Kilwa Masoko, au hufika Lindi mjini, fedha zikiwa kibindoni, wakarudi na simu iliyofungwa vizuri ndani ya boksi. Wiki mbili hazijapita, malalamiko huletwa ofisini. Kwa sababu hiyo Kamati iliniagiza nizipime simu tatu za bei ya chini: mbili simu janja na moja kitochi, pamoja na chaja, pawabenki na memori kadi za namna mbalimbali. Kazi hiyo tuliifanya mbele ya wanachama kwa muda wa wiki mbili. Sitataja kiwanda wala duka, maana simu moja si shahidi wa kutosha wa kuhukumu kiwanda kizima. Nitaeleza namna ya kupima, ili kila mmoja wenu aweze kupima kwa mkono wake.

Waliosoma chuoni wanakumbuka kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akatia mkono ndani ya lundo la chakula, vidole vyake vikakuta umaji chini, hali juu kulikuwa kukavu. Sisi watu wa karafuu kisa hiki twakijua vizuri kuliko wengine. Mnunuzi wa karafuu haangalii juu ya gunia. Hutia mkono mpaka chini, huvunja punje, husikiliza inavyokatika, hutazama kama imechanganywa makonyo. Basi mbona mkulima huyo huyo akiingia duka la simu hutosheka na maandishi ya juu ya boksi?

Je, simu ni halali?

Mnamo Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, ilizizima simu bandia nchi nzima, na watu wengi waliamka asubuhi wakakuta simu zao zimekuwa vipande vya plastiki. Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni hiki. Simu ikiwashwa, piga *#06#. Itatokea namba yenye tarakimu 15. Ilinganishe na ile iliyoandikwa juu ya boksi, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Jibu litataja aina ya simu. Likitaja aina isiyokuwa hiyo uliyoishika, irudishe kwa adabu na uende duka jingine.

Ikiwa simu imekwisha kutumiwa na mtu mwingine, mwambie muuzaji aifute yote na kuianzisha upya mbele ya macho yako. Simu janja ikidai akaunti ya mwenyewe wa kwanza, na muuzaji hana, iache. Yumkini ni ya wizi, na hata kama si ya wizi haitakufaa kitu.

Ghala na jamvi

Juu ya boksi huandikwa namba mbili za GB, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Namba kubwa ni ghala: mahali pa kuwekea picha, sauti na programu. Namba ndogo ni jamvi: mahali pa kuanikia kazi inayofanyika sasa hivi. Ghala likiwa kubwa na jamvi dogo, mkulima hawezi kuanika karafuu nyingi kwa mara moja. Itambidi azoe hizi ndipo amwage zile. Simu nayo ni hivyo hivyo. Baadhi ya watengenezaji huandika jamvi la “nyongeza” lililoazimwa kutoka ghalani. Nyongeza hiyo ni sawa na kuanika juu ya mchanga pembeni mwa jamvi: yasaidia kidogo, walakini si jamvi. Tazama namba ya asili tu.

Kipimo chake ni rahisi. Fungua programu ya fedha, kisha WhatsApp, kisha kamera, kisha urudi kwenye ile ya kwanza. Ikiwa yaanza upya kama hukuwahi kuifungua, jamvi ni dogo. Simu ya kwanza tuliyoipima ilikuwa na tabia hiyo. Mwanachama alikuwa akituma fedha kwa majaribio, akapigiwa simu, na aliporudi alikuta ametolewa nje. Asingekuwa mtu makini angetuma mara ya pili, na fedha zingekwenda mara mbili. Kwa hiyo likutokealo jambo kama hili, tazama kwanza salio lako ndipo urudie.

Kioo, sauti na kamera

Usiipime simu ndani ya duka lenye taa nyeupe na feni. Omba ruhusa utoke nayo kibarazani juani, kwa kuwa sisi kazi yetu ni juani. Ongeza mwanga mpaka mwisho, ujaribu kusoma ujumbe. Simu yetu ya pili, ambayo dukani ilipendeza kuliko zote, ilikuwa kama kioo cha kujitazamia saa sita mchana. Kisha bonyeza alama yoyote kwa kidole gumba, uiburute polepole pembe zote nne za kioo. Mahali itakapoponyoka, hapo kioo kina kasoro.

Tia laini yako mwenyewe, si ya muuzaji, na uijaribu katika matundu yote mawili. Mpigie mtu aliye kisiwani, si aliye hapo mlangoni. Muulize kama asikia sauti yako wakati upepo unavuma. Ikiwa kijijini kwenu mtandao ni hafifu, mwombe muuzaji akuandikie juu ya risiti kwamba simu yaweza kurudishwa kwa siku kadhaa, uipime nyumbani.

Kamera msiipime kwa kupigana picha za uso. Piga picha ukurasa wa daftari la hesabu, kisha ukuze mpaka uone tarakimu. Kama 3 na 8 hazitambulikani, wingi wa megapikseli ulioandikwa juu ya boksi haukufaidii. Sisi picha zetu ni za daftari na risiti za mizani.

Vifaa vidogo, hasara kubwa

Nimesema simu kwanza, lakini kwa hakika ghushi kubwa tuliikuta katika vifaa vyake.

Pawabenki. Ile ya kweli iliyoandikwa 10,000 haitoi 10,000 zote. Namba hiyo hupimwa kwa nguvu ya betri ya ndani, volti 3.7, hali umeme hutoka kwa volti 5, na mwingine hupotea kwa joto. Mtu apate 6,000 hivi, ashukuru. Basi simu yenye betri ya 5,000 itajazwa mara moja na zaidi kidogo, wala si mara mbili. Huo si uongo wa muuzaji, ni desturi ya kifaa. Uongo ni huu: tulikuwa na moja iliyoandikwa 50,000. Tuliiweka juu ya mizani pamoja na ile ya 10,000, nayo ikawa nyepesi kuliko mwenziwe. Pawabenki ya kweli ya 10,000 ina uzito wa gramu 200 hivi. Betri haina siri, nguvu zake zi katika uzito wake. Sisi tuna mizani na tumezoea kuitumia. Tuitumie hapa pia.

Chaja na waya. Zidisha volti kwa ampea upate wati. Chaja ya volti 5 na ampea 1 ni wati 5, nayo yahitaji saa nne na zaidi kuijaza simu ya 5,000. Ya ampea 2 ni wati 10, hupunguza muda huo karibu nusu. Ikiwa chaja imeandikwa ampea 2 lakini simu yachelewa kama kwa ampea 1, badilisha waya kwanza, maana waya mwembamba huziba njia kama mfereji uliojaa majani. Chaja ikipata moto hata haishikiki, iondoe mara moja, wala usiiache usiku karibu na chandarua au magunia.

Memori kadi. Hapa nawaomba msome kwa makini. Kuna kadi zilizoandikwa GB 128 na kumbe ndani hazifiki hata 16. Kadi hiyo haikatai ukiweka vitu. Huendelea kupokea, na simu yaonyesha kwamba nafasi ipo. Walakini ikishajaa kwa kweli, vitu vipya hufuta vya zamani au huharibika vyenyewe. Mwanachama wetu mmoja, mzee wa heshima, alikuwa akipiga picha kila jioni daftari la pishi za wachumaji wake, akiziweka ndani ya kadi ya namna hiyo. Mvua ikanyesha, daftari likaloa, akasema, “Si kitu, picha zipo.” Alipozifungua mbele ya wachumaji, picha za wiki za mwanzo zilikuwa weusi mtupu. Mzee hakutaka kula haki ya mtu, akawalipa kwa kauli zao. Wengi walisema kweli. Wengine, Mungu ndiye ajuaye.

Kipimo cha kadi ni kuijaza. Nakili video mpaka ikatae, kisha ufungue ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Zikifunguka zote, kadi ni ya kweli. Kazi hii haiwezekani pale dukani, kwa hiyo patana na muuzaji kwa maandishi kabla ya kulipa. Akikataa kuandika, umekwisha kupata jibu lako. Pamoja na hayo, daftari la karatasi lisiachwe. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kitochi kisidharauliwe

Simu ya tatu, kitochi, ndiyo iliyokuwa ya bei ndogo kuliko zote, nayo haikutuangusha. Huduma za fedha hazihitaji intaneti: M-Pesa, iliyoanza nchini mwaka 2008, hufunguka kwa *150*00#, na Airtel Money kwa *150*60#, hata katika kitochi. Betri yake ilikaa siku kadhaa bila chaja, na vitufe vyake mzee aweza kuvitambua kwa kidole.

Tena tukumbuke Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilipiga pwani yetu, barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ikakatika sehemu za Somanga, na siku chache baadaye, tarehe 12, nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari zikapata hitilafu, nchi nzima ikasumbuka. Wenye kutegemea WhatsApp peke yake walikaa kimya. Kupiga simu kwa kawaida ni njia nyingine. Kwa hiyo rai ya Kamati ni hii: nyumba yenye simu janja moja iwe na kitochi kimoja cha akiba, chenye redio, ili tusikie tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Neno la mwisho ni juu ya vijana wa dukani wanaotusaidia kuanzisha simu mpya. Wengi wao ni watu wema, lakini namba ya siri ya fedha haitajwi mbele ya mtu, hata awe mwema vipi. Vilevile piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, nenda kwa wenye mtandao huo. Na zile jumbe za “hela tuma kwenye namba hii” zipelekwe kwa 15040.

Wapo watakaosema mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ni ya mtu mvivu atafutaye sababu ya kutolima. Mwenye kazi hulipima jembe lake mara moja, kisha akaenda shambani.

Orodha ya vipimo hivi imebandikwa mlangoni pa ofisi. Mwanachama anayekwenda Kilwa Masoko au Lindi kununua simu aje ainakili, na akipenda atafutiwe mwenzake aliyekwisha kununua afuatane naye. Mizani ya Chama iko wazi kwa kupimia pawabenki siku za kazi, asubuhi, bila malipo. Atakayekuta kasoro mpya alete habari ofisini, nasi tutaichapa katika toleo lijalo, inshallah.

Wasalaam,
Katibu