Punda Wote Hawali Sawa

Bwana mkulima, ukiwatupia punda wako majani pamoja katika zizi moja, mwenye nguvu atashiba na mwenye haja atalala njaa. Watenge wakati wa kula.

Punda mzima wa kilo 150, asiye na kazi nyingi, hutosheka kwa kilo 2½ hivi za majani makavu kwa siku. Punda jike hubeba mimba kwa miezi 12 hivi. Katika miezi 3 ya mwisho mwongeze nyasi nzuri, na umpumzishe mkokoteni. Akiisha kuzaa ataka chakula zaidi tena, na maji mengi, kwa kuwa ananyonyesha.

Punda mzee mtazame mdomoni. Akiangusha matonge ya majani yaliyotafunwa nusu, meno yamekwisha. Mkatie nyasi laini fupi fupi, uziloweke.

Lakini wa kuangaliwa sana ni punda mnene. Watu humfunga njaa ili akonde. Usifanye hivyo! Punda mnene akikosa kula, hata siku chache tu, mafuta ya mwilini hujaa katika damu, ini huharibika, naye aweza kufa. Mwenye mimba pia hupatwa na ugonjwa huo. Mpe huyo mnene mabua makavu ya ngano, ukimpunguzia majani mabichi polepole kwa majuma mengi. Akikataa chakula mwenyewe, mwite daktari wa mifugo siku ile ile.

Mahindi yafungie ghalani. Punda akiyala mengi huumwa kwato hata ashindwe kusimama.