Dawa Iokoayo Kifua na Mizani ya Mwili

Sikio twalijua kwa kusikia, lakini lina kazi ya pili ambayo wengi hawaitaji. Ndani kabisa, katika mfupa wa kichwa, mna mifereji mitatu myembamba yenye maji, na seli zenye vinyweleo vidogo mno. Kichwa kigeukapo, vinyweleo huinama, na habari hupelekwa ubongoni. Ndipo mtu husimama wima na macho yake hutulia. Hiyo ndiyo mizani ya mwili, nayo yaweza kuharibiwa na dawa ile ile imwokoayo mgonjwa.

Yako maradhi ya kurithi yaitwayo sistiki fibrosisi, yaonekanayo zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya. Tabibu Dorothy Andersen wa New York aliyaeleza mwaka 1938. Mtoto huyapata akirithi kasoro kwa baba na kwa mama pia. Makohozi yake huwa mazito, na vijidudu hufanya maskani kifuani. Ili kuviua, matabibu humtia mshipani tobramisini au amikasini, mara nyingi kwa majuma mawili, na matibabu hayo huweza kurudiwa mara nyingi maishani. Zamani wengi walikufa wangali watoto. Leo wengi hufikia utu uzima, na dawa hizo zina sehemu katika neema hiyo.

Lakini dawa hizo ni za ukoo mmoja na streptomisini, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1943, na ukoo huo waweza kuziua seli za sikio la ndani. Zikishakufa, mizani hairudi kama ilivyokuwa. Mwaka 1952 tabibu mmoja wa Marekani, aliyetibiwa kwa streptomisini, alieleza katika jarida la matabibu jinsi mapigo ya moyo wake yalivyokitikisa kichwa hata herufi za kitabu zikarukaruka. Ilimbidi akibane kichwa kati ya vyuma vya kitanda ndipo aweze kusoma.

Madhara haya huja kimya kimya. Masikio yote mawili yakidhurika sawasawa, mgonjwa huenda asione kizunguzungu hata kidogo, na kipimo cha kusikia huenda kikaonyesha kuwa hana neno. Dalili ni nyingine: huyumba gizani au penye mchanga, na atembeapo huona vitu vikichezacheza mbele ya macho. Akipiga mbizi, aweza asijue juu ni wapi. Mtu wa namna hii ni rahisi kudhaniwa mlevi au mvivu, naye ni mgonjwa. Dhana hiyo ni dhuluma.

Na sisi yatuhusu, kwani jentamisini, ndugu ya dawa hizo, hutumika katika hospitali zetu pia. Hatusemi dawa ikataliwe. Kuiacha bila shauri la tabibu kwaweza kuua. Twasema mgonjwa aulizwe kila siku jinsi atembeavyo na aonavyo, na tabibu aambiwe mapema, ili apime damu na figo, apunguze kipimo au abadili dawa. Aambiwe pia kama yuko mtu wa upande wa mama aliyepoteza kusikia kwa dawa hizi, kwani udhaifu huo waweza kurithiwa kwa mama.

Aliyekwisha kudhurika asikate tamaa. Mazoezi ya macho, shingo na miguu huufundisha ubongo kutegemea macho na nyayo. Nasi jamaa zake tumwashie taa usiku, tumpe mkono penye giza, wala tusimwache aogelee peke yake.