Kazi Huletwa na Mtu wa Mbali

Akiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Harvard, Mark Granovetter alikwenda Newton, mji wa jirani na Boston nchini Marekani, kuwahoji wataalamu na mameneja waliokuwa wamebadili kazi karibuni. Alitaka kujua nani aliwapasha habari za kazi hiyo mpya. Wengi walimtaja mtu. Alipouliza kama mtu huyo ni rafiki, mara kwa mara walimsahihisha: hapana, tunafahamiana tu.

Hesabu zake zilionyesha vivyo hivyo. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu, ni asilimia 16.7 tu waliokuwa wakionana naye angalau mara mbili kwa wiki. Asilimia 27.8 walionana naye mara moja kwa mwaka au chini ya hapo, na waliobaki walikuwa katikati. Jarida la kwanza alilolipelekea makala yake liliikataa. Ilichapishwa mwaka 1973, na leo ni miongoni mwa makala zinazonukuliwa zaidi katika sayansi ya jamii.

Sababu ya watu wa mbali kuleta kazi haina fumbo. Marafiki watano wanaokunywa kahawa kijiwe kimoja husikia habari zilezile, na asilolijua mmoja, aghalabu wenzake pia hawalijui. Lakini yule uliyesoma naye Dodoma, ambaye sasa yuko bandarini Tanga, huketi na watu wengine kabisa. Yeye ndiye anayesikia kwamba kampuni fulani ya usafirishaji inatafuta mhasibu.

Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofuatilia watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn kwa miaka mitano. Watu wa kufahamiana kwa kiasi, wasio wa karibu sana wala wageni kabisa, ndio waliosaidia zaidi watu kuhamia kazi mpya.

Kwetu, neno koneksheni limechafuka. Msikilizaji hukumbuka mara moja nafasi aliyopewa mtoto wa shemeji huku mwenye sifa akiachwa mlangoni, na malalamiko hayo ni ya haki. Hata hivyo kupeana habari ni kitu tofauti na kupendeleana. Anayekuambia nafasi imetangazwa, mwisho wa kutuma maombi ni lini na kazi yenyewe inadai nini, hajamnyang'anya mtu haki yake. Usaili bado utaufanya mwenyewe.

Tatizo kubwa ni kwamba wengi hutafutana wakati wa shida tu. Mtu aliyenyamaza miaka minne anatuma ujumbe WhatsApp: "Mambo? Hapo kwenu hakuna mchongo?" Anayeupokea anajua ameonekana mlango, hakuonekana mtu. Ulinganishe na huu: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wako wa uhasibu, darasa la 2016. Wiki hii nimefunga hesabu za mwaka peke yangu kwa mara ya kwanza, nikakumbuka ulivyotukazania kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki. Ahsante sana." Ujumbe huu hauombi chochote. Umemkumbusha mwalimu anazungumza na nani, na umemwambia kwamba kazi yake ilizaa matunda. Siku atakapoulizwa kama anamjua mhasibu makini, jina litamjia.

Aliyepotezana na watu asikate tamaa. Daniel Levin na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, waliwataka mameneja wawatafute watu ambao hawakuwasiliana nao kwa angalau miaka mitatu na kuwaomba ushauri wa kikazi. Ushauri waliopata ulikuwa na manufaa makubwa, kwa kuwa wale wa zamani walikuwa wameona mengi mapya na imani ya awali ilikuwa bado ipo.

Kudumisha uhusiano wa namna hii hakuhitaji fedha. Mtu akipanda cheo, mpongeze. Akifiwa, mpe pole. Ukiona tangazo la zabuni linalomfaa yeye, mtumie. Jambo linalosahaulika kuliko yote ni mrejesho. Watu huunganishwa, wakapata au wakakosa, kisha wakanyamaza, na aliyewaunganisha akabaki kusikia habari kwa wengine. Huyo hataunganisha tena kwa moyo uleule. Kama mwaka huu kuna mtu aliyekupa namba ya simu au kukutajia nafasi, na hujamweleza ilivyokwenda, mpigie leo, hata kama uliikosa.