Kupima Kiasi cha Maji Mwilini kwa Wanaofanya Mazoezi Kwenye Joto

Tuchukulie wakimbiaji wawili wanaomaliza mbio ndefu jijini Dar es Salaam mwezi Februari. Wote wana kizunguzungu, kichefuchefu na maumivu ya kichwa. Mmoja amepoteza maji mengi kwa jasho. Mwingine amekunywa maji kupita kiasi. Kumpa wa kwanza maji ni tiba, lakini kumpa wa pili maji hayohayo kunaweza kumuua. Kwa macho pekee ni vigumu kuwatofautisha, hivyo hatuna budi kupima.

Maji huchukua takribani asilimia 50 hadi 60 ya uzito wa mtu mzima. Mwili unapopata joto hutoa jasho, nalo hupoza pale linapokauka juu ya ngozi. Katika hewa yenye unyevu mwingi, kama ya pwani, jasho hudondoka kabla ya kukauka. Mtu hupoteza maji bila kupoa ipasavyo. Upungufu unaozidi asilimia 2 ya uzito aghalabu hupunguza uwezo wa kustahimili mazoezi ya muda mrefu na kuufanya moyo upige haraka zaidi.

Uzito

Mizani ndiyo kipimo rahisi na cha kuaminika zaidi uwanjani. Jipime kabla na baada ya mazoezi, ukiwa na nguo chache na umekwisha kujifuta jasho. Kila kilo moja iliyopungua ni sawa na takribani lita moja ya maji. Kwa mfano, mtu mwenye kilo 60 anakimbia saa moja, anakunywa nusu lita, hakojoi, na anabaki na kilo 59.1. Amepungukiwa gramu 900, yaani asilimia 1.5. Tukijumlisha alichokunywa, jasho lake ni takribani lita 1.4 kwa saa. Iwapo uzito umeongezeka, hiyo ni dalili ya hatari: amekunywa kuliko alivyopoteza.

Mkojo

Mkojo wa asubuhi wenye rangi ya manjano hafifu huashiria maji ya kutosha. Wa manjano iliyokolea huashiria upungufu. Kituoni, uzito linganishi wa mkojo ukiwa chini ya 1.020 kwa kawaida huonyesha hali nzuri. Hata hivyo, kipimo hiki kina mipaka yake. Mtu akinywa maji mengi kwa haraka baada ya mazoezi, mkojo huwa mweupe kabla mwili haujarejesha maji yake. Aidha, vidonge vya vitamini B hukoleza manjano, na rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huufanya mkojo uwe na rangi ya chungwa. Mkojo mweusi kama chai ya rangi baada ya mazoezi makali waweza kutokana na kuharibika kwa misuli; mgonjwa afikishwe hospitalini bila kuchelewa.

Damu

Kipimo cha sodiamu ndicho huwatenganisha wakimbiaji wetu wawili. Kiwango cha kawaida ni milimoli 135 hadi 145 kwa lita. Baada ya mbio za Boston za mwaka 2002, watafiti walipima damu za wakimbiaji 488. Asilimia 13 walikuwa na sodiamu ya 135 au chini ya hapo, na kuongezeka uzito wakati wa mbio kulihusiana sana na hali hiyo. Sodiamu ikishuka sana, maji huingia kwenye seli za ubongo, nao huvimba.

Ushauri

Mwanamichezo asilazimishe maji: anywe kwa kuongozwa na kiu na kiwango chake cha jasho, wala asimalize mazoezi akiwa mzito kuliko alivyoanza. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo aulize kwanza kiasi kinachomfaa.

Kwa mhudumu wa afya: mkimbiaji aliyechanganyikiwa, apimwe joto kwa njia ya haja kubwa. Likizidi nyuzi 40, apozwe mara moja kwa maji baridi au barafu kabla ya kusafirishwa. Joto lisipokuwa la juu, pima sukari na sodiamu kabla ya kutundika dripu. Kiu si sababu pekee ya mkimbiaji kuanguka.