Umetibu samaki bwawani? Sasa angalia maji

Umeweka dawa, vidonda vya sato vinapona, halafu alfajiri unakuta samaki wako juu ya maji wanahema. Usikimbilie kuongeza dozi. Huenda tatizo sasa ni maji.

Baadhi ya dawa huua pia bakteria wazuri wanaovunja uchafu wa samaki. Wakipungua, amonia inapanda, na hiyo ni sumu. Fomalini nayo hupunguza oksijeni. Usiku hali huwa mbaya zaidi, maana mwani hautengenezi oksijeni bila jua.

Kama unafuga Tunduma, Vwawa au kwingine Songwe, fanya hivi dozi ikiisha:

• Punguza chakula kwa siku kadhaa. Kinachobaki kinaoza.

• Badilisha robo ya maji kwa wakati mmoja, sio yote. Toa ya chini yenye tope, ila usiyamwage mtoni.

• Maji ya bomba yakae kwenye chombo cha wazi saa 24, klorini ipungue.

• Msimu wa baridi, ongeza maji mchana. Baridi ya ghafla huwadhoofisha samaki.

• Ongeza hewa kwa pampu, au acha maji yadondoke kutoka juu.

Ulitumia chumvi? Jua hukausha maji, chumvi inabaki. Kujazia tu hakuiondoi, lazima utoe maji.

Mwisho, usiuze wala kula samaki kabla siku zilizoandikwa kwenye dawa hazijaisha. Huna uhakika? Muone afisa uvuvi wa halmashauri yako.