Chumvi Ndani ya Chupa

Hiyo chupa msiitikise tena. Imeshatikiswa, sasa iacheni hapo kivulini itulie kama robo saa. Huko nje kijana wa bodaboda amekalia robota lake la nyasi kavu, anasubiri tumwambie tunanunua au arudi nalo, na jibu silitoi mimi. Limo humo chupani. Basi sogeeni. Na wewe uliyekalia mbuzi wa kukunia nazi, mrudishe jikoni kabla bibi yenu hajamtafuta.

Pojo na Choroko ninyi mmewakuta wakubwa. Mimi niliwapokea ndani ya katoni ya sabuni, kila mmoja kama kiazi. Niliwaita hivyo kwa sababu pojo ndiyo choroko na choroko ndiyo pojo, na hawa dada wawili mpaka leo nikivua miwani siwatofautishi. Ni simbilisi. Waingereza humwita mnyama huyu nguruwe wa Guinea, jina lenye makosa mawili: si nguruwe, na Guinea hakutoka. Kwao ni milima ya Andes, Amerika Kusini, ambako watu wamemfuga maelfu ya miaka kwa ajili ya nyama. Hata leo, kule Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, familia nyingi hufuga simbilisi jikoni, wakipita miguuni mwa mpishi. Hapa kwetu hakuna anayewala, ingawa mjomba wenu siku moja aliwatazama kwa jicho lililonifanya nifunge mlango.

Wiki ya kwanza niliwapa mkate, nikawapa wali, na nyasi nikawatandikia chini kama godoro. Kumbe nyasi ndizo ugali wao, hayo mengine yote ni kitoweo. Mshikeni Choroko, polepole, mkono mmoja umkinge chini asirushe miguu. Mmeyaona meno ya mbele? Yanakua kila siku, hayakomi mpaka afe. Na huko ndani msikoona, magego nayo yanakua vilevile. Jani la nyasi lina chembe ngumu za jamii moja na mchanga. Simbilisi anapolitafuna, taya likienda huku na huku, zile chembe humsaga meno kama tupa. Akikosa nyasi, magego ya chini huweza kurefuka yakainamia ulimi na kuufunga, akafa njaa sahani imejaa mbele yake. Tumbo lake nalo halijui likizo. Akipitisha siku bila kula, huyo ni mgonjwa wa kukimbizwa kwa daktari wa mifugo.

Vitabu vya ng'ambo vinasifu nyasi moja iitwayo timothi. Hiyo ni ya nchi za baridi, hapa kwetu Kaloleni haioti, na pakiti yake ndogo ikishasafirishwa mpaka huku bei ni ya kutomwambia bibi yenu. Msihangaike nayo. Robota lililo nje ni la Boma Rhodes, nyasi wanazopanda wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa hapa Kenya. Zimebeba jina la Cecil Rhodes, yule tajiri Mwingereza aliyezipanda shambani kwake Afrika Kusini mwishoni mwa karne ya 19. Zenyewe ni za Afrika, zilikuwa zikiota kabla babu yake hajazaliwa. Simbilisi anazila vizuri sana. Muuzaji akikuletea lusani, ile yenye vijani vitatuvitatu, akakwambia hiyo ndiyo bora, kwa ng'ombe anasema kweli. Ila ina kalisi nyingi, na simbilisi mzima akilishwa kila siku huweza kupata mawe kwenye kibofu. Mwenye mimba au mtoto ndiye wa kuonjeshwa.

Sasa hesabu. Robota lile lina kilo 15 hivi, na kijana anataka shilingi 350. Simbilisi mmoja mzima hula kama gramu 60 za nyasi kavu kwa siku. Wawili ni gramu 120. Gawanyeni. Siku 125! Miezi minne, kwa shilingi zisizofika 3 kila siku.

Ndivyo nilivyopiga hesabu mwaka juzi, nikiwa nimesimama sokoni na kofia yangu, najiona mjanja. Wazee husema jina la mji wetu ni amri: kulola kwa Kigiriama ni kutazama, kaloleni ni nendeni mkatazame. Mimi sikutazama. Robota lilikuwa la rangi ya dhahabu kwa nje, na bei ilikuwa nusu ya kawaida. Nilipokata kamba nyumbani, katikati yake palikuwa na kijivu, pakafuka vumbi kama mtu kapiga mto wa sufi, na harufu ni ile ya mkeka uliosahauliwa mvuani. Pojo alipiga chafya mara tatu mfululizo. Zilikuwa zimefungwa kabla hazijakauka, na unyevu wa ndani ukaotesha kuvu. Kuvu si uchafu wa kupangusa. Mwaka 2004 kule Ukambani watu 125 walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Kuvu wa nyasi nao wana sumu zao, na vumbi lao huziba pafu dogo kama la Pojo upesi. Robota zima lilikwenda kwenye shimo la mbolea, pamoja na ujanja wangu.

Leo nimetazama. Nimemwomba kijana alegeze kamba, nikatia mkono mpaka katikati, nikavuta fungu. Rangi bado ina ukijani, vizuri. Nyasi iliyopauka kabisa imekaa juani mno, imebaki kama ufagio. Nimenusa. Nyasi nzuri hunukia kama majani ya chai ukifungua pakiti mpya, na hizi zilinukia karibu na hapo. Sikuona miiba wala mbegu za kishona nguo, maana zile zinazong'ang'ania suruali yako zinaweza kumchoma yeye mdomoni. Kisha nikasokota fungu sikioni. Nyasi kavu hulia, hukatika. Hizi zilijipinda kimya.

Hapo ndipo nikaomba chupa. Mmeniona nimekatakata nyasi za katikati nikajaza mpaka nusu, nikatia kijiko cha chumvi, nikafunga na kutikisa. Chumvi ni ya Gongoni hapo juu ya Malindi, na nimeikaanga kwanza kwenye kikaango kikavu, kwa sababu hewa yetu ya pwani ina maji na chumvi hunywa. Ungeitumia hivihivi ingezisingizia nyasi. Nyasi zikiwa kavu, chumvi itakwenda huku na huku kama mchanga. Zikiwa na unyevu, itaganda na kushika kuta za chupa. Wakulima hupima mahindi kwa njia hiyohiyo.

Na tukimrudisha, Pojo na Choroko hawatalala njaa. Mmeziona nyasi ndefu za majani mapana chini ya minazi ya jirani? Hizo Waingereza huziita nyasi za Guinea, na hizo kweli ni za Afrika, wala hazina bei, ni kuomba ruhusa tu. Vuli imekwisha, jua la kaskazi limeanza, wakati wenyewe ndio huu. Zikatwe kabla hazijatoa maua, maana zikishachanua shina hugeuka kuni. Unazitandaza jamvini nyembamba, unazigeuza asubuhi na alasiri, jioni unaziingiza ndani zisinyonye umande. Siku ya pili zikishalegea unazihamishia kivulini zisipoteze rangi. Ukizisokota zikakatika, zitie kwenye gunia ulitundike darini. Mfuko wa plastiki usiuguse, utatoa jasho.

Kando ya barabara ya Mariakani msikate, malori yanazimwagia moshi, wala pale wanapopigia ng'ombe dawa ya kupe. Na uani kwetu kuna miti miwili ya kuikwepa. Watafiti wa Mtwapa waliwahimiza wafugaji wa pwani kupanda lusina na glirisidia kwa ajili ya ng'ombe, na ng'ombe hunenepa. Sungura au simbilisi akishiba lusina hunyonyoka manyoya. Glirisidia ndiyo ule ua wetu wa maua ya waridi, na hilo jina lake la Kilatini maana yake ni muuaji wa panya. Simbilisi ni binamu wa panya, msimpe hata jani moja.

Kitu kimoja nyasi kavu hazina, vitamini C. Mwili wa simbilisi hauwezi kuitengeneza, sawa na wangu na wenu. Mwaka 1907 Wanorwe wawili, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka tupu, wakaugua ugonjwa uleule wa fizi kutoka damu uliokuwa ukiwaua mabaharia. Ndiyo maana kila jioni mnaniona na kipande cha pilipili hoho au pera, na wao wananipigia mluzi kabla kisu hakijagusa ubao.

Haya, leteni chupa. Iinueni kwenye mwanga, iinamisheni taratibu. Mnaona nini? Pale ubavuni, mstari mweupe, kama pumzi kwenye kioo. Gonga kidogo. Haushuki.

Basi mpelekeeni kijana dafu moja, mwambieni kwa heshima alirudishe robota kwa mwenyewe, akalifungue alianike siku mbili tena, kisha tutazungumza bei. Na mmoja wenu achukue mundu nyuma ya mlango.