Mgeni Mezani pa Wafaransa

Tangu Chama chetu cha Kifaransa kirejee kutoka mji wa Lyon likizo ya Aprili, sijapumua. Bwaloni, darasani, hata kwenye foleni ya chai ya saa nne, swali ni lile lile: "Ati mlikula vyura?" La, hatukula vyura. Wapo wanaowala, tena miguu tu, lakini mezani petu hawakufika. Swali ambalo hakuna aliyeniuliza, na ndilo lililotukosesha usingizi kabla ya safari, ni hili: mtoto wa watu aliyezoea githeri ya bwalo, mwenye yuro chache alizochangiwa na wazazi, ataingiaje katika mkahawa wa jadi wa Wafaransa, akae, aagize, ale, na atoke bila aibu? Hilo ndilo ninalotaka kulieleza, maana huenda kesho ikawa zamu yako.

Tulikuwa wanafunzi wanne na mwalimu wetu. Tuliingia mjini Jumapili, saa tisa alasiri, njaa ikituuma kama siafu. Hapo ndipo tulipopata somo la kwanza. Hoteli zetu za huku hupika kutwa; hata ukija saa kumi utapata chapati na maharagwe. Kule sivyo. Mikahawa ya jadi huandaa chakula cha mchana kuanzia saa sita hadi kama saa nane, kisha jiko likafungwa, na moto hauwashwi tena ila saa moja au moja u nusu jioni. Jumapili mingi haifungui katu, mingine hata Jumatatu, na mwezi wa Agosti wenyewe huenda zao likizo wiki kadhaa. Tulizunguka vichochoro vya mji wa kale, tukisoma vibao vya "fermé" (yaani pamefungwa) mpaka tukavizoea. Mwishowe tuliketi kando ya mto Saône tukatafuna mandazi tuliyobeba kutoka nyumbani, magumu kama kokoto. Mwenda bure si mkaa bure, lakini siku ile tulitamani tungekaa.

Jumatatu mchana tuliingia mkahawa mkubwa wenye vioo na wahudumu wenye aproni nyeupe. Ninyi mnanijua, mimi si mtu wa kuuliza. Nikaona kwenye orodha maneno "steak tartare", nikawaza, steki ni steki, nikaagiza kwa mikogo. Lo! Nililetewa kilima cha nyama ya ng'ombe iliyosagwa, mbichi kabisa, nyekundu kama ua la msubili, na kiini cha yai bichi kimekaa juu kikinitazama. Wenzangu waliangua kicheko. Kumbe ndivyo chakula chenyewe kilivyo, kinachanganywa na vitunguu na viungo, na Wafaransa wanakipenda mno. Mwalimu akaniokoa kwa kumwomba mhudumu akifanye "aller-retour", yaani kwenda na kurudi: nyama ile inapitishwa kwenye kikaango cha moto upande huu na huu. Mhudumu hakucheka wala hakununa. Aliichukua, akairudisha imekauka nje.

Tangu siku hiyo niliyakariri maneno manne ya nyama ya kuchoma. "Bleu" ni nyama iliyouonja moto tu. "Saignant" bado ina damu. "À point" ni ya katikati, ingawa kwetu sisi tungesema haijaiva. Na "bien cuit" ndiyo iliyoiva. Mkenya halisi anayetoka kwenye nyama choma ya kwetu na aseme "bien cuit" bila haya, hata mpishi akiguna.

Kosa letu la pili siku ile lilikuwa la mfuko. Orodha nzima ya vyakula, kila kimoja na bei yake, Wafaransa huiita "carte". Neno "menu", ambalo sisi tumelifanya menyu tukidhani ni hiyo orodha, kwao ni mlo kamili wa bei moja: chakula cha kufungulia, chakula chenyewe, na kitamutamu cha mwisho. Ipo na "formule", ambayo ni viwili kati ya hivyo vitatu kwa bei nafuu zaidi, na ipo "plat du jour", chakula cha siku, ambacho mara nyingi huandikwa kwa chaki kwenye ubao mlangoni. Sisi tuliokota kimoja hapa, kimoja pale kutoka kwenye "carte", na bili ilipokuja ilikuwa ndefu kama mkia wa tumbili. Tungesoma ule ubao wa chaki tungeokoa karibu nusu. Na mchana ni nafuu kuliko usiku, kwa hiyo msafiri mwenye akili hula vizuri saa sita, jioni akajipoza kwa mkate na matunda. Angalieni pia neno "entrée": si chakula kikuu, ni kile cha kwanza. Mmoja wetu aliagiza "entrée" peke yake akaletewa mayai mawili yenye mayonezi, akangojea chakula kingine mpaka sisi tukamaliza.

Bila kusahau maji. Tulisema tu "maji", tukaletewa chupa mbili za kuuzwa. Maneno yanayofaa ni "une carafe d'eau", yaani jagi la maji ya bomba, nayo ni ya bure. Mkate pia ni wa bure pamoja na chakula. Tangu 2022 sheria inataka mkahawa uonyeshe wazi kwamba mteja anaweza kuomba maji hayo bila malipo, ila macho yetu yalikuwa kwenye nyama mbichi.

Basi Jumanne tukaenda kwenye kile tulichokuja kukiona, "bouchon". Hutamkwa "bushon", na ndilo jina la mkahawa wa jadi wa Lyon: chumba kidogo, vitambaa vya mezani vya mirabaraba myekundu na myeupe, meza zimebanana hata kiwiko chako kinagusa cha jirani. Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo lilipo jambo lenyewe.

Sisi tulidhani mkahawa wa jadi wa Kifaransa ni mahali pa mabwanyenye. Kumbe vyakula vya Lyon vina asili ya watu wa kazi. Juu ya mji kuna kilima kiitwacho Croix-Rousse, na katika karne ya 19 kilijaa wafumaji wa hariri, walioitwa "canuts". Walifuma vitambaa vya wafalme na wenyewe wakaishi kwa ujira mdogo, hata wakaasi mwaka 1831 na tena 1834 kudai malipo ya haki. Watu hao walikula mlo mzito asubuhi baada ya kazi iliyoanza alfajiri, na nyama waliyoimudu ilikuwa ile ambayo tajiri haitaki: matumbo, miguu, vichwa, utumbo. Nilipoambiwa kwamba "tablier de sapeur", jina linalomaanisha aproni ya askari mjenzi, ni matumbo ya ng'ombe yaliyolowekwa kwenye divai nyeupe, yakapakwa chenga za mkate na kukaangwa, nilihisi nimefika kwa shangazi. Matumbo! Nimevuka bahari kuja kulishwa matumbo! Nayo "andouillette" ni soseji ya utumbo, wa nguruwe au wa ndama, yenye harufu ya kumtoa nyoka pangoni. Aliyekulia penye mutura ya jioni hatatishika.

Waliozipandisha hadhi sahani hizi ni wanawake, wapishi waliokuwa wakitumika majumbani mwa matajiri kisha wakafungua mikahawa yao. Mji mzima huwaita "mères", akina mama. Maarufu kati yao ni Eugénie Brazier, aliyezaliwa 1895, akachunga nguruwe utotoni, akafiwa na mamake akiwa na umri wa miaka 10. Alifungua mkahawa wake Lyon mwaka 1921, na kufikia 1933 alikuwa na mikahawa miwili, kila mmoja ukiwa na nyota tatu za kitabu cha mwongozo cha Michelin, kile kinachotolewa na kampuni ya magurudumu. Kabla yake hakuna mtu aliyewahi kuwa na nyota sita kwa mpigo. Paul Bocuse, mpishi aliyesifika duniani hadi kufa kwake 2018, alipitia jikoni mwa mama huyu akiwa kijana. Mimi nasema hadithi hiyo peke yake ilitosha nauli.

Lakini kulikuwa na tatizo, na si dogo. Mmoja wetu ni Mwislamu. Orodha ya "bouchon" imejaa nguruwe: vipande vyake viko hata kwenye saladi, na divai imo ndani ya michuzi usiyoishuku. Aliitazama ile orodha, akanong'ona, "Jamani, mimi nitakula nini hapa? Heri ningoje nje." Sote tuliona uso wake. Kuketi na wenzako ukinywa maji huku wao wakila si adabu wala si utu, na sisi hatukujua la kufanya. Mwalimu akamwita mhudumu, mama wa makamo, na hapa tuangalie namna alivyomwita. Hakupiga kidole wala hakusema "garçon", neno ambalo maana yake ni mvulana na siku hizi humkera yeyote. Alisema "Madame, s'il vous plaît". Tena tulipoingia tu, kabla ya lolote, sote tulisema "Bonjour, Madame" na tukangoja tuonyeshwe pa kuketi. Kule anayeingia bila salamu huonekana kama aliyeingia sebuleni pa mtu bila hodi.

Mwalimu alimweleza: bila nguruwe, bila divai, na nyama isiyochinjwa kwa halali pia hapana. Yule mama hakusema "basi kuleni saladi". Alitaja "quenelle", donge laini la samaki aliyepondwa pamoja na unga na mayai, kisha akajikatiza mwenyewe, "Ngojeni", akaenda jikoni kuuliza. Akarudi akitikisa kichwa: mchuzi wake una divai. Akapendekeza dengu za saladi bila vipande vya nguruwe, kimanda cha mayai, na "cervelle de canut" pamoja na viazi vya kuchemsha.

Mwenzetu aliposikia tafsiri alishika mdomo. "Cervelle de canut" ni ubongo wa mfumaji! Yule mama akacheka mpaka meza jirani zikacheka. Hakuna ubongo wowote humo. Ni jibini laini jeupe lililopigwa pamoja na vitunguu vidogo, majani ya kitunguu, chumvi, pilipili manga, mafuta ya zeituni na siki kidogo. Jina ni la kejeli dhidi ya wale wafumaji maskini. Wapo wanaotia divai nyeupe, akasema, ila yeye hatii. Nawaambia, sahani ile ilimalizwa mapema kuliko matumbo yangu. Kwa hiyo wewe mwenye mwiko wa dini au wa afya, usibahatishe kwa kusoma majina, maana majina ya kule ni mafumbo matupu. Uliza mapema, uliza waziwazi, na usione haya mhudumu akienda jikoni.

Mengine ni madogo. Mkate huwekwa juu ya kitambaa cha meza, kando ya sahani, wala si ndani yake. Mikono yote miwili ikae juu ya meza, si mapajani. Jibini huja baada ya chakula kikuu na kabla ya kitamutamu. Ukikata kipande cha pembetatu usijikatie ile ncha, ndiyo tamu, ukawaachia wengine ganda. Kahawa huja mwisho kabisa, nyeusi, katika kikombe kidogo kama cha mwanasesere. Chai ya maziwa katikati ya chakula? Sahau. Na kibandiko chenye picha ya sufuria iliyofunikwa kwa paa la nyumba, pamoja na maneno "fait maison", kilianza 2014 kuonyesha kwamba chakula kimepikwa papo hapo kutoka malighafi. Tuliamua wenyewe kuepuka milango yenye picha za vyakula na orodha za lugha saba. Ubao wa chaki wenye vyakula vitano ulitufaa zaidi.

Tulimaliza kula, tukangoja bili. Dakika kumi, ishirini, nusu saa. Tukaanza kudhani tumesahauliwa. Mwalimu akatueleza kwamba kule kumletea mgeni bili kabla hajaiomba ni kama kumfukuza, kwa hiyo meza ni yako mpaka useme "L'addition, s'il vous plaît". Bili ilipokuja tulihesabu asilimia ya kumwongezea mhudumu, kama tulivyoona kwenye filamu za Kimarekani. Hakuna haja. Tangu 1987 bei zote zinazoandikwa lazima ziwe zimejumuisha malipo ya huduma. Ukiridhika unaacha sarafu chache mezani. Tuliacha yuro tatu, zote za mwenzetu mla ubongo.

Yule mama alipoziona alimwita, akamwandikia mapishi ya ile jibini nyuma ya tikiti ya basi. Tumeshayajaribu mara mbili jikoni pa shule kwa ruhusa ya mpishi. Jibini ya namna ile hatukuipata, tukatumia maziwa lala tuliyoyachuja usiku kucha kwa kitambaa. Mara ya kwanza yalitoka mepesi mno. Mara ya pili tulitia majani ya kitunguu kutoka shamba la Kilimo, tukala na viazi, na mpishi akarudia.